Nguzo Kahamia Neema

Habari ilifika kijiweni Mjimwema kabla kahawa ya Saada haijachemka: Erasmus, yule kijana mrefu wanayemwita Nguzo, tegemeo la timu ya kikapu ya Chuo cha Kilele, kahamia kwa mahasimu wao, Chuo cha Neema. Na Jumamosi timu hizo zinakutana.

Hironimus, fundi viatu, aliweka sindano chini. Kijiwe kizima kinamwita Kamisaa, kwa jinsi anavyojipa majukumu ya timu bila kuteuliwa na mtu. Kilele hajasoma, mpira wa kikapu hajawahi kuudaka, ila mapenzi yake kwa timu ile hayana dawa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Nguzo huyohuyo kamposa binti yake, Notburga.

"Tumesalitiwa," alisema. "Mtu nimemshangilia mpaka sauti ikakauka, nikawa naongea na wateja kwa ishara."

"Kahamaje katikati ya muhula?" aliuliza Mwalimu Daudi. Huyu jina lake la kijiweni ni Uhamisho, maana tangu aletwe Songea anaomba kurudi Kigoma kwa mkewe na kila mara anaambiwa avute subira. "Mimi barua zangu zimeota ndevu, mke wangu karibu anisahau sura. Huyu kanywa uji chuo kimoja, mchana kala wali chuo kingine."

"Kwani wewe una urefu gani, Mwalimu?" alidakia Hassani, mnunuzi wa korosho kutoka Tunduru. Wanamwita Bei Elekezi, kwa sababu kwake kila kitu kina bei, hata salamu. "Tazameni soko. Kuna tajiri wa tumbaku kule Namtumbo ndiye anayeibeba timu ya Neema. Kampa kijana chumba, ada na posho. Kilele walikuwa wanampa nini?"

"Heshima," alisema Kamisaa.

"Hiyo anaipika na nini?"

Saada alikuwa anagawa vikombe. "Na masomo je? Si alikuwa anasomea mifugo?"

"Neema hawana mifugo," Mwalimu alijibu. "Kaingizwa ususi na mapambo."

Kijiwe kikaangua kicheko. Hassani alisema kwa urefu ule, mteja wa Nguzo itabidi akalie meza ndipo asukwe.

"Chekeni tu," Kamisaa aliwaambia. "Zamani mchezaji alikuwa anafia timu yake."

"Kwa njaa," alisema Hassani.

Hapo Kamisaa akasimama, kidole juu. "Nasema mbele yenu. Anayevaa jezi ya Neema hakanyagi kwangu. Posa naivunja leo. Binti yangu ataolewa na mtu mwenye msimamo."

Saada akaacha kumimina. "Baba Notburga, mwenyewe umemuuliza? Mtoto anampenda yule kijana. Jana kapita hapa anaimba peke yake."

Kamisaa anamjua binti yake; akianza kulia, nyumba nzima haili wiki. Moyo ulimuuma kweli, lakini ameshatamka mbele za watu, na mtu mzima hamezi maneno yake kwenye benchi la kahawa.

Hapohapo bodaboda ikasimama. Akashuka Kassian, mjomba wa Nguzo, ambaye ndiye mshenga, kakumbatia furushi.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba," Kamisaa aliitikia, macho kwenye matairi ya pikipiki.

"Nilikuwa naelekea kwako. Yale ya mahari uliyoagiza yamekamilika." Akafungua furushi juu ya benchi. "Koti la babu hili. Vitenge vya mashangazi. Na blanketi la bibi, lile la kwanza ulilirudisha ukasema jepesi, baridi ya Songea italipita. Hili zito."

"Kayatoa wapi haya yote?" aliuliza Mwalimu.

"Hukohuko Neema, kwenye posho. Kijana hakutaka kuhama, alilia. Ila mkwe huyu alitutamkia kwamba vitu visipotimia mwezi huu, Notburga anaposwa na mwingine. Na Kilele walikuwa wanampa soda na makofi. Angefanyaje?"

Aibu ikampanda Kamisaa mpaka masikioni.

"Kumbe dalali wa usajili tunaye hapahapa," alisema Hassani taratibu.

"Kamisaa," alisema Mwalimu, "na mimi nipangie mahari, pengine nitahama."

Kamisaa hakucheka. Alilishika blanketi, akalipima uzito kwa mikono miwili, akalikunja vizuri, akaliweka upande wake. Kisha akamvuta mshenga karibu, akashusha sauti, ingawa wote walimsikia.

"Mwambie mkwe wangu Jumamosi asihangaike kurusha kutoka mbali. Apite kushoto. Beki wa Kilele wa upande ule goti lake bovu, kaniambia mwenyewe nikimshonea raba."