Bandari Kando ya Kunde Zangu

Jumatano, 17 Oktoba 1951
Bandari! Hapa Ikutha! Mwezi wa nne Bwana wa ramani alipima Mto Tiva ukiwa umefura. Leo watu wake wamerudi na vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Ati mashua zitabeba pamba. Nikauliza zitapita wapi, maana sasa tunafukua mchanga ndio tupate maji. Karani wao, Bwana Shee, akaniambia nilee mtoto. Haya. Lakini vigingi wamevipiga wapi? Mbele ya shamba la Kasyoka, mke wa shemeji yangu! Yeye ndiye atakayewauzia mabaharia uji. Aiya!

Alhamisi, 18 Oktoba
Leo mwethya, kazi yetu ya kusaidiana: wanawake wote wanachimba matuta kwa Ndinda, kiongozi wetu. Nikatuma neno kwamba siendi, mwanangu Muli anaota jino. (Anaota kweli. Ameniuma bega.) Mtoni hakuna mtu. Nikang'oa vigingi vyote, nikavipiga kando ya kunde zangu kwa mchi. Mchi umepasuka. Si kitu. Bandari ni yangu.

Jumamosi, 20 Oktoba
Mwethya wamekuja kuniimbia wimbo wa mvivu mlangoni, wakaondoka na jogoo. Ndiyo faini ya asiyefika. Muli akawapigia makofi. Huyu mtoto ni wa nani?

Jumatatu, 22 Oktoba
Vibarua wamefika. Nikawapa uji wa bure. Wakashiba, wakaanza kuchimba kunde! Nikapiga kelele. Bwana Shee akanieleza polepole, kama anafundisha mbuzi: penye kigingi ndipo pa kutolewa udongo. Gati lenyewe liko kule chini. Kunde nilizomwagilia kwa kibuyu! Chakula cha Muli! Na siwezi kusema nani alihamisha vigingi. Kasyoka amekaa ukingoni, anawauzia uji.

Alhamisi, 25 Oktoba
Mkubwa wao ametoka Nairobi. Akasimama mchangani, akauliza mto uko wapi. Kasyoka akamjibu kwamba ameukanyaga. Jioni hema zikakunjwa. Bandari imekwisha. Shimo limebaki kwangu, ng'ombe anazama na pembe zake.

Jumapili, 28 Oktoba
Nimemwangukia Ndinda. Wamemhurumia Muli: kesho mwethya watakuja kulifukia shimo, nipande kabla ya mvua. Hata Kasyoka analeta jembe. Sharti moja tu, niwepo mwenyewe. Nikaapa. Nikalia kidogo.

Kurudi nyumbani, nini hiki? Vigingi vipya kilimani, vitambaa vyeupe. Ati uwanja wa ndege. Nyuma ya boma la Kasyoka! Tena yeye!

Nimeazima mchi. Nimetuma neno kwa Ndinda kwamba kesho sitakuwepo shambani. Muli anaota jino la pili.