Meno ya Kupeleka Susuni

Jumanne, 4 Juni 2024

Nimetoka kwa daktari wa meno, Honoratha. Anasema meno yangu ya mbele yamefupika kwa mvuke wa asidi. Eti mvuke! Miaka yote nachaji betri za Tarime nzima, leo mvuke ndio umepata njaa? Akauliza kama navuta asidi kwa mpira mdomoni. Nikasema zamani. Zamani yenyewe ni asubuhi.

Akashauri nitumie pampu kama mwenzangu wa karakanani, Kornelio. Kornelio! Ana meno yote, na ananichekea nayo makusudi.

Balaa ni kwamba Jumapili Boke ananipeleka kwao Susuni. Nampenda mno. Na baba yake, mzee Kisyeri, ameshasema haozeshi binti kwa mgonjwa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata akili! Mshumaa. Nimeuyeyusha, nikafinyanga, nikabandika. Meno manne, meupe kuliko ya mgombea kwenye bango. Kornelio akauliza kama umeme ukikatika nitawasaidia. Wivu mtupu.

Jumapili, 9 Juni

Nilimpa mzee shikamoo kwa tabasamu zima. Akafurahi, akasema kijana ana afya. Nilishajiona mkwe.

Kikaja kichuri, ule mchuzi mchungu wa tumboni mwa mbuzi, unafuka moshi. Ukikataa kichuri ukweni, umemkataa na binti. Nikanywa. Meno yakalegea. Nikafumba mdomo, nikawa mpole ghafla. Ndipo mzee akauliza mimi ni wa ukoo gani. Swali hilo halijibiwi kwa kutikisa kichwa! Nikafungua mdomo, jino likatumbukia kwenye bakuli lake. La pili likalifuata kwa mshikamano.

Mzee akaliopoa kwa kidole, akauliza ni ugonjwa gani huu. Boke akalia. Hilo liliniuma sana.

Jumatano, 12 Juni

Boke amenisamehe! Baba yake ataniona tena baada ya mavuno. Meno yakizidi kufupika, hakuna ndoa tena, na Kornelio ameshatuma salamu Susuni. Nyoka!

Boke ameninunulia barakoa nene ya kazini, akaniapisha niivae kila siku. Nimetii. Naivaa sokoni, naivaa kanisani, naivaa hata nikipiga picha. Hakuna anayeona meno yangu.

Karakanani naivua. Kwanza, mpira ungepita wapi? Halafu hii ni zawadi ya mchumba, siwezi kuiacha iliwe na asidi.