Nyumba Inayonukia

Sokoni palikuwa na fungu la matunda ambalo watu walilisogelea kwa pua na kuliacha kwa ulimi. Yalikuwa matopetope ya majini, ya manjano, ya ile miti isiyokubali kuota mahali pakavu. Yananukia kama tikiti lililoiva; ukiyaonja, utadhani umelamba sabuni.

"Harufu ya harusi, ladha ya ndoa," alisema muuzaji, aliyekwisha kukata tamaa.

Mkurugenzi alicheka, kisha akanyamaza ghafla, dalili kwamba amepata wazo. Cheo hicho alijipa mwenyewe. Ofisi yake kwa wakati huo ilikuwa kochi la sebuleni kwa dada yake, nalo shemeji alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi awe amelihama. Mali yake ilikuwa moja tu: nyumba aliyoachiwa na shangazi yake, ukingoni mwa kinamasi, yenye kuta zinazonuka ukungu kiasi kwamba kila mnunuzi aliishia mlangoni. Akiiuza vizuri, angehama kwa heshima. Asipoiuza, angehamishwa.

Aliondoka bila kununua. Kwa nini anunue, wakati nyuma ya nyumba ya marehemu shangazi miti hiyo hiyo ilisimama majini ikidondosha matunda bure?

Kesho yake aliyaficha uvunguni, darini na nyuma ya mapazia. Wakaja wateja: mshonaji wa nguo, mwanamke mchangamfu, na kaka yake, bwana wa miwani asiyependa kusema.

"Harufu gani hii nzuri?" aliuliza mshonaji.

"Ndiyo nyumba yenyewe, dada yangu. Marehemu shangazi alikuwa mtu wa sala. Kuta zimeshika."

"Sala zenye harufu ya tikiti?"

"Kila mtu na thawabu zake."

Mkurugenzi akataja bei. Mshonaji akashika kifua, kaka yake akashika ukuta.

"Basi nawaachia mjadiliane kifamilia," alisema Mkurugenzi kwa upole. Akatoka, akazunguka nyumba mbio, akasimama majini chini ya dirisha la chumbani. Lilikuwa dirisha la mbao, limepigwa misumari miaka mingi, lakini lilikuwa na ufa unaotosha sikio. Mkurugenzi alikuwa na kanuni: neno unaloambiwa ni biashara, neno unaloliiba ni ukweli. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kusema kweli mbele ya mtu, aliona kanuni hiyo imethibitishwa.

"Usionyeshe furaha," mshonaji alinong'ona ndani. "Umeiona ile miti?"

"Nimeiona. Kiwanda cha sabuni kinaitafuta harufu hiyo kila mahali."

"Nyumba yenyewe hata bure siitaki. Ninachotaka ni kinamasi. Yule mzee hajui amekalia nini."

Neno "mzee" lilimuuma kidogo Mkurugenzi. Mengine yote yalimpendeza.

Alirudi ndani suruali ikichuruzika maji, akakohoa kikubwa. "Nimefikiri. Nyumba nauza. Ua wa nyuma siuzi. Una kumbukumbu za shangazi."

Mshonaji akashika tama. "Kaka yangu, bila ua nitafanya nini na kuta?"

"Ndiyo maana nitakupunguzia."

"Punguza basi mpaka niusahau huo ua."

Akapunguza. Mshonaji akatoa machozi, naye akapunguza tena. Kaka mtu akavua miwani, akaifuta kwa huzuni nzito, na Mkurugenzi, ambaye alikuwa na moyo, akapunguza kwa mara ya mwisho. Walipotia saini kwa wakili, nyumba ilikuwa imefikia bei ya kununulia kochi, bila pa kuliweka.

Siku hiyo hiyo akabeba kikapu hadi kiwanda cha sabuni. Ofisa manunuzi akanusa, akafumba macho kwa raha.

"Uzuri ulioje! Lakini harufu yetu huja kwenye madumu, mzee wangu. Haya huwa mnayafanyia nini?"

"Tunayanusa," alisema Mkurugenzi.

Alikaa wiki nzima akijifariji kwamba kuna viwanda vingine. Havikuwapo. Ndipo akaenda kwa mshonaji, kwenye nyumba iliyokuwa yake. Madirisha yote yalikuwa yameng'olewa misumari, upepo unapita, ukungu umekauka. Yeye hakuwahi kufikiria kuyafungua madirisha, kwa sababu jambo hilo halikuwa na ujanja ndani yake. Chumba cha mbele kilijaa wateja na vitambaa.

"Kiwanda hakitaki," alisema kupitia dirishani.

"Pole. Kiwanda gani?"

Hapo ndipo Mkurugenzi alipoelewa. "Mlijuaje kwamba nasikiliza?"

"Wauza nyumba wote hutuacha 'tujadiliane kifamilia'. Hatujapata kumwona hata mmoja akienda mbali." Mshonaji akakata uzi kwa meno. "Tena wewe ulitutesa. Ulikuwa ukichakacha majini kama bata. Ilibidi ninong'one kwa kupiga kelele mpaka koo likaniuma."

Mkurugenzi alijipekua akitafuta hasira, asiipate. Mbele yake alikuwa na shemeji, nyuma yake kinamasi, na juu ya yote fundi aliyemzidi kazi. Kwa umri, mwanamke huyu angeweza kuwa kitinda mimba wa kwao, yule ambaye Mkurugenzi angembeba mgongoni. Akavua kofia.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu mshonaji bila kuinua macho, akakanyaga cherehani.