Ombi la Kurudishiwa Masta Silinda Inayovuja

Kwa Fundi Mkuu,
Gereji ya Nyuma ya Soko.

Ndugu Fundi Mkuu,

Ninakuandikia kwa cheo chako cha ufundi, wala si kwa cheo chako cha ushemeji, ingawa natambua kwamba vyeo vyote viwili vimevaa ovaroli moja. Kama shemeji, nakutakia afya njema. Kama fundi, nina malalamiko juu yako, nami nitayapanga kwa namba ili yasikanyagane.

Kwanza nikukumbushe nilicholeta. Jumatatu ya wiki iliyopita nilikukabidhi gari langu kuukuu kwa kazi moja tu: honi ilikuwa imekauka sauti. Breki sikuzitaja. Jumatano nikarudishiwa gari lenye masta silinda mpya, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, na honi bubu vilevile. Nilipouliza, ulinijibu mbele ya wateja, "Honi ya nini tena, shemeji? Si sasa unasimama!" Wateja walicheka. Jibu hilo nimelitafakari kwa siku tisa, na haya ndiyo matokeo.

1. Kuhusu uvujaji wenyewe. Sikatai kwamba silinda ya zamani ilivuja. Ilivuja kwa miaka kumi na mmoja, kwa nidhamu, kizibo kimoja cha chupa kwa siku, ikipitia nyuma ya pedali hadi kwenye kiatu changu cha kulia. Kila asubuhi dada yako, yaani mke wangu, alifungua boneti akajaza mafuta ya breki kama mtu anayemwagilia ua. Sasa boneti haifunguliwi, na kiatu kimekakamaa.

2. Kuhusu heshima ya umma. Zamani nikichomoza tu kwenye kona ya kinyozi, mtaa mzima ulijipanga. Kinyozi alivuta kiti chake ndani pamoja na mteja aliyekikalia. Kuku walipanda ukutani. Mama muuza mkaa alipaza sauti, "Pisheni, Bwana Tutaonana Mbele huyo!" nami nikampungia mkono huku napita. Juzi mbuzi alilala katikati ya njia. Nilikanyaga pedali mara moja, gari likasimama, na mbuzi akanitazama kwa dharau ya kiumbe aliyekwisha kuambiwa kwamba silinda ni mpya.

3. Kuhusu ndoa yangu. Hapa ndipo penye kidonda. Kwa miaka kumi na mmoja, kulisimamisha gari lile kulikuwa kazi ya watu wawili. Mimi nilipampu pedali mara tano, kisha nikasema, "Sasa!" Dada yako, aliyekaa kando yangu, akavuta breki ya mkono kwa mikono yake miwili, nasi tukasimama salama, kwa kawaida kwenye rundo la mchanga lililo karibu na lango letu. Tusingeweza kununiana, Fundi. Wanandoa walionuniana hawasimami. Ugomvi wowote wa nyumbani ulipaswa kwisha kabla ya mteremko wa kwanza, na ulikwisha.

Tangu Jumatano ile dada yako anakaa kiti cha nyuma. Kiti cha nyuma! Anafuma kitambaa. Jumapili nilisema "Sasa!" kwa mazoea tu, akaniuliza bila kuinua macho, "Sasa nini?" Jana tulinuniana kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, na gari likasimama vizuri kila mahali, kana kwamba hayo hayalihusu.

4. Kuhusu mwenendo wako binafsi. Nilipokuja kuchukua gari nilimkuta dada yako kwenye kiti changu, wewe ukiwa chini ya gari unamwamrisha, "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Najua kwamba kutoa hewa kwenye mabomba ya breki si kazi ya mtu mmoja, mmoja hukanyaga na mwingine hufungua nati. Ndiyo maana nauliza: kwa nini hukuniita mimi? Kazi ya watu wawili katika gari lile ina watu wake wawili tangu zamani.

5. Jana jioni dada yako aliniuliza ufunguo wa gari unakaa wapi. Hakuwahi kuuliza kabla. Mtu anayeweza kusimama peke yake, Fundi, anaweza pia kuondoka peke yake.

Wahenga walinena: kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi kidonda nimekiona. Kinyemi bado nakisubiri. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu (a) urudishe silinda ya zamani; (b) kama umekwisha kuitupa, unitafutie nyingine ya ubovu unaolingana, usiozidi kizibo kimoja kwa siku; (c) usiniwekee iliyopasuka kabisa, kwani mimi si mwendawazimu. Na (d) honi.

Nisalimie mchomeleaji, fundi rangi, na yule paka anayelala ndani ya tairi. Msalimu pia mkeo na watoto, ingawa hiyo ni salamu ya shemeji na imeingia humu kimakosa.

Ni mimi, niliyesimamishwa bila ridhaa yangu,
Mwenye Gari.

Nyongeza: Nilimpa dada yako barua hii aikague. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Anasema waya wa breki ya mkono ulikatika miaka minne iliyopita, na kwamba wewe ndiye uliyemwonyesha. Miaka minne amekuwa akivuta kipini kisichoshika kitu! Gari, asema, lilisimama kwa sababu mwendo wangu ni wa mtu anayemsindikiza mgeni, na kwa hisani ya rundo la mchanga. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Na ile 'Sasa!' yako ungemwambia nani?"

Basi maombi (a) mpaka (c) uyafute. Waya usiuguse. Nyongeza hii naiandika nikiwa kiti cha abiria. Anayeendesha ni yeye, kwa mara ya kwanza, kwa gia ya kwanza, tunakuletea barua. Uniwie radhi kwa mwandiko. Palipokwaruzika ni pale alipoita "Sasa!" na ikanibidi niachie kalamu, nivute kwa mikono miwili.