Nimeihamisha Jumatatu

Jumapili, 3 Mei

Huzuni imeingia tena. Saa kumi na moja na dakika tatu jioni. Wiki ya sita naipima, haijachelewa hata mara moja. Binti yangu anapanda gari la mama yake, anapunga mkono, geti linafungwa, na kifua changu kinajaa kama nimemeza kitambaa. Nakaa kwenye kochi bila kuwasha taa.

Redioni daktari kasema wengi huwa hivi wikendi ikiisha, eti dawa ni kujipangia jambo la kufurahisha. Nimejipangia kupiga pasi mashati matano. Sikufurahi. La bluu limeungua kola.

Chanzo nakijua mwenyewe: Jumatatu. Mimi ni karani wa malalamiko, dirisha namba moja, idara ya maji. Mabomba yana tabia ya kupasuka Jumamosi. Jumatatu asubuhi waliokosa maji hunijia na ndoo tupu kunionyesha, utadhani sijawahi kuona ndoo. Nikiiondoa Jumatatu, huzuni itakosa pa kukaa.

Binti (miaka tisa) kaniomba Jumamosi ijayo nimshikie baiskeli uwanjani, ajifunze. Nimemwahidi.

Jumatatu, 4 Mei

Ndoo kumi na nne. Mzee mmoja kaigeuza yake, kaikalia mbele ya dirisha langu mpaka saa sita mchana.

Dirisha namba mbili limefungwa, kama kila Jumatatu. Mwenyewe ni Muhuri. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kuona karatasi asiigonge. Yeye hufanya kazi Jumanne hadi Jumamosi. Miaka mitatu nimemwonea huruma mtu huyu, kumbe muda huu amelala! Lazima tubadilishane zamu kabla hajashtuka.

Jumanne, 5 Mei

Nimemwendea kwa ujanja. Nikamwambia ofisi huwa tulivu Jumamosi, na mimi ni mtu wa utulivu. Akakunja uso. Akasema ni jambo zito, familia yake imeshaizoea Jumatatu. Nikaongeza kiti changu chenye mto. Akashusha pumzi. Nikaongeza feni. Akasema basi, kwa kuwa ni mimi, atajitolea.

Fomu ilikuwa tayari kwenye droo yake. Upande wake umejazwa, na wino umeshapauka. Mtu makini sana.

Jumatano, 6 Mei

Bi Mkubwa, mkuu wa idara, kaisoma fomu mara mbili, kanitazama juu ya miwani. Akauliza si Jumamosi ndiyo ninakuwa na mtoto? Nikajibu mtoto yupo tu, haendi popote. Akanikumbusha kwamba mabadiliko ya zamu hudumu mwaka mzima, hakuna kurudi nyuma. Nikasaini haraka asije akaghairi.

Nikampigia mama yake binti. Hakugomba. Alisema kama Jumamosi sipo, basi haina haja mtoto kulala kwangu. Atamleta Jumapili saa tano asubuhi na kumchukua jioni, saa ile ile. Nilitegemea angalau tugombane. Nilikuwa nimejiandaa.

Jumamosi, 9 Mei

Dirishani. Wateja watatu, wote wamekosea ofisi. Kiti cha Muhuri kina msumari.

Saa nne binti kapiga simu. Kajua baiskeli. Anko alimshikia kiti, akamwachia kimyakimya, na yeye akaenda peke yake mpaka kwenye goli. Anko ni mume wa mama yake, fundi wa lifti, mtu asiye na kasoro hata moja, na hilo simsamehe. Nikamuuliza kwa nini hakunisubiri. Akasema, "Nilikusubiri, baba. Mama akaniambia uko kazini."

Nikampa hongera. Nikauchukua muhuri, nikaugonga palipokuwa karibu. Palikuwa mkono wangu. Umeandikwa IMEPOKELEWA, na hautoki kwa sabuni.

Jumapili, 10 Mei

Jaribio lenyewe: Jumapili isiyofuatwa na Jumatatu. Kwa usalama zaidi, nimeirudisha saa ya ukutani nyuma kwa saa nzima.

Binti kaja bila begi. Ukumbini begi lake huwa linanikwaza kila mara, leo nimepita salama. Kala, kanisimulia baiskeli mara tano. Ukuta ulipoonyesha saa tisa, akatazama mkono wake. Ana saa mpya. Sikuuliza nani kamnunulia. Akanieleza kwa upole kwamba ya kwangu inachelewa, na kwamba nikimpa, atampelekea Anko aitazame.

Geti. Saa kumi na moja na dakika tatu. Kifua kile kile. Nimelia kidogo, nayaandika haya kwa ajili ya utafiti. Kesho siendi kazini! Sasa huzuni hii inatoka wapi?

Jumatatu, 11 Mei

Mapumziko. Majirani wote wamekwenda kazini. Nimekitandua kitanda cha binti, ambacho hakikulaliwa, nikakitandika upya. Kisha nikakitandua tena.

Saa sita mchana nikajikuta napita karibu na ofisi, kwa bahati tu. Muhuri yuko dirishani kwangu, chini ya feni yangu, ndoo tisa mbele yake, anapiga mluzi. Kanisimulia Jumamosi yake na wanawe: walicheza mpira sebuleni, wakavunja kioo, wakalala mchana wote pamoja sakafuni. Kasema miaka mitatu aliitafuta Jumamosi hiyo, akakosa mtu wa kubadilishana naye. Machozi yalimlengalenga. Nimemdharau sana.

Jioni, saa kumi na moja, huzuni imeingia tena. Siku ya pili mfululizo.

Jumanne, 12 Mei

Nimepata jibu! Kosa langu lilikuwa dogo. Niliiondoa Jumatatu, wakati mkosaji ni Jumapili. Mtu asiye na wikendi haiwezi kumwishia.

Zamu ya simu za dharura, Jumapili kutwa, haina mtu. Nimeiomba, na badala yake nitapumzika Jumanne. Bi Mkubwa akauliza, na mtoto? Nikamwambia nimeshapanga, atakuja Jumanne. Akasema Jumanne watoto wako shule. Nikamjibu kwamba shule hufungwa. Aliishikilia fomu muda mrefu, ikabidi niichomoe vidoleni mwake taratibu nipate kusaini.

Nimempigia binti kumpa habari njema. Akauliza kama ina maana Jumapili asije. Nikasema ndiyo, na tena hatutalazimika kuagana pale getini. Akasema, "Sawa, baba," akaniaga, akaenda kucheza.

Hakulia, hakulalamika. Dawa imeanza kufanya kazi, na imeanzia kwake.