Gari la Babu Verlin Lisigonge

Jumatatu, 10 Juni
Shule imekwisha juzi, na tayari nina mtihani. Babu Verlin ametangaza mezani: gari lake la mwaka 1969 ataliuza Jumamosi kwa bwana mmoja wa Toledo. Isipokuwa mimi au binamu Kolton tuliendeshe hadi kibanda cha aiskrimu mjini Millersburg na kurudi, kwa petroli ya kituoni, injini isigonge; atakayeweza, gari ni lake. Akanigeukia: ukikwama, mjukuu wangu, niulize. Kolton akacheka, eti Maribeth huyu hata pizza hawezi kuagiza kwa simu. (Kweli. Lakini haikuwa lazima aseme.)

Shida ni hii: Babu aliiunda injini kwa mashindano. Ndani ya silinda inagandamiza hewa na petroli mara kumi na mbili na nusu, kupita kiasi. Petroli ya kawaida hulipuka kabla ya wakati, injini ikagonga kama misumari ndani ya kopo.

Simsumbui Babu. Nina mpango.

Jumanne, 11 Juni
Nimechelewesha moto wa plagi. Kugonga kumekoma! Nguvu pia. Mlimani nimepitwa na kigari cha farasi cha Waamishi, wale Wakristo wasioendesha magari. Mzee aliinua kofia. Farasi, naapa, alinionea huruma. Kisha rejeta ikachemka. Kolton akapita, akauliza kama viazi vimeiva.

Jumatano, 12 Juni
Mpango bora. Maji kidogo kwenye kabureta hupoza injini, nimesoma. Nimeunga mpira kutoka tangi la kuoshea kioo. Babu kaja, kasema kuna njia rahisi, niulize tu. Nikasema asante, niko sawa. Nikabonyeza kitufe. Mpira ukachomoka. Maji yote ya buluu: usoni mwa Babu! Akajipangusa, akasema ni mabaya kuliko kahawa ninayompikia.

Alhamisi, 13 Juni
Kolton kaja na makopo sita ya petroli ya mashindano. Babu kanusa tu: hiyo si ya kituoni, umetoka shindanoni. Furaha! Kisha hofu. Nimebaki mimi, na sina mpango.

Nililala chini ya gari kwa muda wa saa mbili nikijizoeza swali moja. Mwishowe nililiandika kwenye karatasi nikaipitisha chini ya mlango wa choo, Babu akiwa ndani. Sauti yake ikajibu: kabati la kijani, droo ya chini.

Gasketi mbili nene za shaba. Alizinunua 1984! Zinainua kidogo silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na injini haigandamizi tena sana. Mbona hakusema? Kasema alisubiri kuulizwa.

Jumamosi, 15 Juni
Jana tulizifunga pamoja kutwa nzima. Leo Millersburg na kurudi. Haikugonga hata mara moja! Kibandani watu wote waligeuka kututazama. Nilizama chini ya usukani, Babu akaniagizia vanila. Bwana wa Toledo kaondoka mikono mitupu. Ufunguo ni wangu!!

Somo: kuuliza hakuui mtu. Sitalisahau maisha yangu yote.

Jumapili, 16 Juni
Breki zinavuta kushoto. Babu ameketi barazani, hatua tano kutoka hapa. Kasema kama kuna lolote, niulize.

Ya nini kumsumbua? Nimepata springi ya godoro na waya.