Meneja wa Kuonyesha Wageni

Spika, kinyozi asiyemnyoa mtu kabla hajammalizia taarifa ya habari, alifika kijiweni simu ikiwa bado inabwabwaja mkononi.

"Mmesikia? Serikali inakagua zile taarifa za waajiri: wana wanawake wangapi, wanaume wangapi, nani ana cheo gani na analipwa nini."

"Na mabosi walisema ukweli?" Shoti, fundi umeme, alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini. "Watu wanaowaficha mshahara hata wake zao?"

Cherehani, mwanamke pekee pale, alikunywa kahawa yake. Alishona magodoro kiwanda cha ng'ambo ya barabara, na tangu msimamizi wao aondoke, yeye ndiye aliyepanga zamu, kufundisha wageni na kufokewa mzigo ukichelewa. Cheo alikiomba mpaka midomo ikamkauka. Kila mara bosi alimwambia avumilie, yeye ndiye nguzo ya kiwanda.

"Nguzo haipandishwi cheo," alisema Shoti. "Nguzo inabebeshwa paa."

"Cheka tu. Wanaume niliowafundisha kazi kwa mikono yangu wananipita mshahara. Inaniuma, Shoti."

Kabla Shoti hajajibu, mhasibu wa kiwanda alivuka barabara mbio, koti la suti begani.

"Dada, inuka. Mkaguzi wa serikali yuko njiani. Vaa hili, la bosi. Wewe ndiye meneja wa uzalishaji."

Spika aliizima simu yake.

"Tangu lini?" aliuliza Cherehani.

"Tangu tupeleke ile taarifa, miezi mitatu iliyopita. Kwenye vyeo vya juu walikuwa wanaume watupu, bosi akaona haya, akakupandisha. Ni kwenye taarifa tu. Utakaa ofisini, utatabasamu, mgeni akiondoka unarudi kwenye mashine yako."

"Na mshahara?"

Mhasibu aliangalia viatu vyake. "Nao tuliupandisha. Kwenye taarifa."

"Kwa hiyo serikali inaujua mshahara wake, mwenyewe haujui?" alisema Spika.

"Muulize kama kwenye taarifa ana gari," alisema Shoti. "Atupe lifti."

"Usiende, dada," alisema Spika. "Waache waumbuke."

"Nenda," alisema Shoti. "Ukikataa, kesho huna hata hiyo mashine."

Cherehani alisonya, lakini alilivaa koti. Mikono ya koti ilimpita vidole, akaikunja.

Ofisini, mkaguzi, mama wa makamo asiye na haraka, alimuuliza kama mshahara ulioripotiwa anaupata. Nyuma ya mkaguzi, bosi alimtolea Cherehani macho ya kumbembeleza.

"Bado, mama," alisema Cherehani. "Bosi ameahidi kuulipa wiki hii, pamoja na wa miezi yote ya nyuma. Au nimekusikia vibaya, bosi?"

Bosi alipiga hesabu haraka. Akikana, itajulikana aliidanganya serikali. "Ni kweli," alisema, sauti ikimtoka puani.

"Basi nitarudi Ijumaa nione malipo," alisema mkaguzi, akaandika.

Jioni Cherehani alirudi kijiweni, koti mwilini.

"Umesahau kulirudisha," alisema Shoti.

"Sijasahau. Mpaka Ijumaa mimi ni meneja, na baada ya Ijumaa nitakuwa nimezoea."

"Na mzigo wa leo? Mashine yako haina mtu."

Cherehani alivuta kikombe, akapuliza kahawa yake taratibu.

"Ina mtu. Kupanga zamu ni kazi yangu. Nimempanga bosi."